W-2 imekuja na jimbo lisilo lako: umbane mwajiri, ujaze ritani mbili, au uombe muda?

Mwishoni mwa Januari 2025 niliketi mezani na kikombe cha chai nikafungua W-2 yangu, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Kisanduku cha 15, cha jimbo, kilisomeka VA, yaani Virginia. Mimi naishi Silver Spring, Maryland. Leseni yangu ya udereva ni ya Maryland, gari limesajiliwa Maryland, na mwaka mzima wa 2024 sikulala Virginia hata usiku mmoja. Kiswahili chetu kina mchezo wake hapo: kodi ya nyumba nalipa Maryland, na kodi ya mapato nilidhani nalipa Maryland pia. Kumbe dola 2,200 na ushee za kisanduku cha 17, cha kodi ya jimbo iliyokatwa mwaka mzima, zilikuwa zimekwenda kidogo kidogo Richmond, makao makuu ya Virginia, na Annapolis, makao makuu ya Maryland, haikupata hata senti.

Kama na wewe umeshika karatasi ya namna hiyo, una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kumtaka mwajiri arekebishe, akupe W-2c, yaani W-2 iliyosahihishwa. Ya pili ni kuichukua W-2 ilivyo na kujaza ritani mbili (ritani ni fomu ya kodi ya mwaka) wewe mwenyewe: moja ya kudai hela kwenye jimbo lililokatiwa kimakosa, nyingine ya kulipa jimbo lako. Ya tatu ni kuomba kuongezewa muda, ukasubiri mambo yakae sawa. Kila moja nimeona mtu akiipita ikamfaa, na kila moja nimeona mtu akiipita ikamtoa jasho.

Kwanza, je, ni kosa kweli?

Usikasirike kabla ya kuhesabu. Jimbo unaloishi hutoza mapato yako yote, popote ulipoyapata. Jimbo unalofanyia kazi hutoza yale uliyoyapata ndani ya mipaka yake. Mtu anayeishi Overland Park, Kansas, na kila asubuhi anavuka kwenda kazini Kansas City, Missouri, akikatwa kodi ya Missouri hajakosewa. Majimbo hayo mawili hayana mapatano. Atajaza ritani ya Missouri kama asiye mkazi, kisha Kansas itampa nafuu kwa kodi aliyolipa ng'ambo. Hayo ni maisha ya kawaida ya mpakani, na makala hii si yake.

Palipo na mapatano mambo hugeuka. Maryland ina mapatano na Virginia, West Virginia, Pennsylvania na Washington, D.C.; New Jersey na Pennsylvania wanayo; Ohio inayo na majirani zake wote watano; Minnesota inayo na Michigan na North Dakota, ila ya Wisconsin ilikufa mwaka 2010. Chini ya mapatano hayo mshahara wako hutozwa na jimbo unaloishi tu. Lakini mwajiri hajui mpaka umwambie, na kumwambia ni kujaza fomu: kwa Virginia, alipo mwajiri wangu, ni VA-4. Mimi siku ya kwanza kazini nilipewa rundo la karatasi, nikatia saini zote bila kusoma, na hiyo VA-4 sehemu ya msamaha niliiacha tupu. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa langu. (Jihadhari pia: mapatano ya majimbo hayagusi kodi za miji. Kodi ya mshahara ya Philadelphia na zile za miji ya Ohio zinabaki palepale.)

Kwa wanaofanyia kazi nyumbani, jimbo unalofanyia kazi hasa ni pale ulipokaa na kompyuta yako, si pale ilipo ofisi kuu. New York ndiyo inayojulikana zaidi kwa kwenda kinyume: kama kampuni iko New York na unakaa nyumbani kwako New Jersey kwa hiari yako, si kwa sababu mwajiri anahitaji uwe huko, New York huzihesabu siku hizo kuwa zake. Hapo zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, la New York si kosa machoni pa New York, na ukidai marejesho jiandae kubishana.

Na kwa ndugu zetu wa malori, ambao ni wengi, kuna sheria ya shirikisho ambayo madereva wengi hawajawahi kuambiwa: jalada la 49, kifungu cha 14503. Dereva mwajiriwa ambaye kazi yake ya kawaida inapita majimbo mawili au zaidi hutozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu. Haijalishi kampuni ina makao yake wapi wala lori limelala majimbo mangapi. Kampuni ikikukata kodi ya jimbo la makao yake na wewe huishi huko, hilo ni kosa safi. Anayeendesha ndani ya jimbo moja tu hayumo, na anayelipwa kwa 1099, yaani kama mkandarasi wa kujitegemea, hakatwi kitu kwa hiyo tatizo lake ni jingine kabisa.

Ukishapita kwenye chujio hilo na bado ni kosa, endelea.

Vya kupimia

Nitazipima njia zote kwa vitu vinne. Mfuko: utatoa kiasi gani, na utakaa muda gani bila hicho kiasi kabla hela zako hazijarudi. Saa na kalenda: ni lini jambo litaisha, na tarehe ipi haikusubiri. Kazi: karatasi ngapi, simu ngapi. Na ushahidi: siku barua ya jimbo ikija miezi kumi na nane baadaye, una nini mkononi.

Katika hivyo vinne, cha kwanza ndicho kinachoamua kwa watu wengi, ingawa washauri hupenda kuanza na fomu. Nilipompelekea W-2 yangu mzee mmoja wa kwetu anayewajazia watu ritani kila Machi sebuleni kwake, nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamwuliza kama Virginia haiwezi kuzihamisha tu zile dola kwenda Maryland. Akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "Virginia na Maryland hawapigiani simu kwa ajili yako. Huyu utamlipa zote, yule utamdai zote. Kati ya hapo utaishi kwa akiba yako."

Njia ya kwanza: mwajiri arekebishe

*Mfuko.* Hapa kila kitu kinategemea kama mwaka umefungwa. Ukigundua Agosti, kwenye slipu ya mshahara, mwajiri anaweza kurekebisha ndani ya mwaka uleule: anarudisha kilichokatwa, anaanza kukatia jimbo sahihi, na Januari W-2 inakuja safi. Hutoi chochote mfukoni. Hakuna njia iliyo nafuu kuliko hii, na ndiyo maana nasema slipu ya mshahara isomwe angalau mara moja kila robo mwaka, si kutazama tu kiasi cha chini kilichoingia benki.

Baada ya Desemba 31 hadithi ni nyingine. Hela zimeshapelekwa jimboni kwa jina lako na namba yako, na mara nyingi jimbo hilo litazirudisha kwako wewe uliyejaza ritani, si kwa mwajiri. W-2c inaweza kurekebisha kisanduku cha 16, mshahara wa jimbo lile usomeke sifuri, na kuongeza mstari wa jimbo lako. Hela zenyewe haizihamishi. Wengi hawalijui hili. Hukaa miezi mitatu wakisubiri W-2c kama vile ni hundi.

Na kuna mtego ndani yake. Ukiletewa W-2c ambayo hata kisanduku cha 17 kimefutwa kuwa sifuri, uliza papo hapo: hizo hela ziko kwa nani? Kama mwajiri amezirudisha kwako, sawa. Kama amerekebisha karatasi bila kukulipa, umepoteza ushahidi kwamba ulikatwa, na jimbo lile litakuambia halioni zuio lolote.

*Saa na kalenda.* W-2 ina tarehe yake ya mwisho, Januari 31. W-2c hutolewa kadiri mwajiri anavyojaliwa. Kampuni yenye mhasibu wa mishahara anayejua kazi huimaliza kwa wiki mbili. Kampuni iliyokabidhi mishahara kwa wakala wa nje hukuzungusha: utumishi wanakutuma kwa wakala, wakala anasema hapokei simu za wafanyakazi, ufungue tiketi. Aprili 15 nayo haijasimama kukungoja.

*Kazi.* Kwako ni ndogo, barua pepe mbili tatu. Kwa mwajiri ni kubwa, maana anatakiwa kurekebisha hata taarifa za robo mwaka alizopeleka majimbo yote mawili. Ndiyo sababu wengine hukataa kwa adabu.

*Ushahidi.* Hapa njia hii haina mpinzani. Ukiwa na W-2c inayosema mshahara wa jimbo lile ni sifuri, hakuna wa kukuuliza swali.

*Inamfaa nani.* Aliyegundua kabla ya mwaka kuisha, bila kusita. Baada ya mwaka kuisha, inamfaa yule ambaye mwajiri wake ni msikivu na ambaye zuio lake ni kubwa kiasi cha kustahili subira. Pia mtu aliyekosewa kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, kwa sababu hapo bila karatasi ya mwajiri utasumbuka.

Njia ya pili: ritani mbili, W-2 ilivyo

Hii ndiyo niliyopita mimi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Wazo lenyewe ni rahisi. Kwenye jimbo lisilo lako unajaza ritani ya asiye mkazi, unaonyesha kwamba mapato yaliyopatikana au kutozwa huko ni sifuri, na kwamba umekatwa kiasi fulani. Sifuri ya kodi ukitoa ulichokatwa, wanabaki wanadaiwa chote. Kwenye jimbo lako unajaza ritani ya mkazi, mshahara wote ukiwemo, zuio sifuri, na unalipa.

Majimbo mengine yamekuonea huruma yakatengeneza fomu fupi. Virginia ina 763S, ukurasa mmoja tu, kwa ajili ya hali kama yangu. D.C. ina D-40B. Kwingine ni ritani kamili ya asiye mkazi: Maryland ni 505, California 540NR, New York IT-203, New Jersey NJ-1040NR, Georgia hutumia 500 ileile ya wakazi, asiye mkazi akijaza jedwali lake la 3.

*Mfuko.* Sasa hesabu zangu. Mshahara dola 52,000, bila mke wala watoto kwenye ritani. Virginia ilikuwa imeshika kama 2,200. Nikadhani Maryland itakuwa hivyohivyo, kwamba nitatoa 2,200 mkono wa kushoto na kupokea 2,200 mkono wa kulia. Programu ya kujazia ritani ikaniletea deni la takriban 3,600. Nilirudia kuingiza namba mara tatu nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea: kodi ya jimbo ilikuwa kama 2,140, na juu yake kaunti yangu ya Montgomery ilikuwa na yake, asilimia 3.2, ambayo hukusanywa kwenye ritani hiyohiyo ya Maryland. Virginia haina kodi ya mapato ya kaunti, kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nakatwa kidogo kuliko ninavyotakiwa na nilikuwa nazila zile dola bila kujua.

Kwa hiyo pengo lilikuwa la aina mbili: 2,200 ambazo zitarudi, na 1,400 hivi ambazo hazirudi kamwe kwa sababu ni kodi halali. Benki nilikuwa na kama 1,900. Nililipa nilichoweza na kilichobaki nikaomba kulipa kwa awamu. Majimbo hukubali hilo, riba ikiwemo. Na kwa kuwa jimbo langu halikupokea kitu mwaka mzima, linaweza kuongeza riba ya kutolipa kidogo kidogo kadiri mwaka ulivyokwenda. Ukiambatisha maelezo kwamba mwajiri alipeleka zuio kwingine, unaweza kuomba wakusamehe. Kuomba si kupewa, lakini barua haigharimu.

Lakini ukiwa upande wa pili, njia hii huwa tamu. Binamu yangu alihamia Houston kutoka Atlanta Desemba 2023, akabaki na kazi yake ileile akiifanyia chumbani. Kampuni ikaendelea kumkata kodi ya Georgia mwaka mzima wa 2024, zaidi ya dola 2,500. Texas haina kodi ya mapato kwa mshahara. Yeye hana ritani ya pili ya kujaza wala wa kumlipa: anaidai Georgia, basi. Vivyo hivyo kwa anayeishi Florida, Tennessee, Washington, Nevada, New Hampshire, Alaska, South Dakota au Wyoming.

*Saa na kalenda.* Unaanza leo, hungojei mtu. Marejesho yakiwa ya ritani yenye mshahara sifuri na zuio kubwa, tegemea yapite mikononi mwa binadamu kabla ya kulipwa, maana ndivyo hata walaghai wanavyojaribu. Itachukua zaidi ya zile wiki mbili tatu za ritani ya kawaida. Tarehe ya mwisho ni Aprili 15 majimbo mengi, Virginia ni Mei 1.

*Kazi.* Ni nyingi, na kosa moja dogo huharibu zote. Anza na ritani ya asiye mkazi, umalizie na ya mkazi. Ukigeuza, programu huvuruga. W-2 iingize kama ilivyo, herufi kwa herufi, hata kama unajua ni uongo: ukifuta VA ukaandika MD, namba hazitalingana na zile jimbo lilizopokea kwa mwajiri. Programu itakuuliza kama ulipata mapato jimbo jingine. Moyo utakutuma ujibu hapana, na kwa haki ya Mungu hukupata, lakini ukijibu hapana haikufungulii ritani ya kudai. Jibu ndiyo, kisha kwenye ukurasa wa kugawa mapato, pale panapouliza ni kiasi gani ni cha Virginia, weka 0. Ukurasa huo ndio roho ya kazi yote.

*Ushahidi.* Hapa ndipo njia hii ina udhaifu wake. W-2 inasema ulifanya kazi huko, wewe unasema hapana. Jimbo litataka zaidi ya neno lako. Kinachobeba uzito ni barua ya mwajiri, kwenye karatasi yenye nembo, inayotaja tarehe ulizofanya kazi, mahali ulipoifanyia, kiasi kilichokatwa kimakosa, na sentensi moja ambayo watu huisahau: kwamba mwajiri hajarudishiwa fedha hizo na hatazidai. Barua ni rahisi kuipata kuliko W-2c. Mhasibu anayekataa kugusa taarifa za robo mwaka ataandika barua kwa dakika kumi. Ongeza mkataba wa pango, bili ya umeme, leseni, na nakala ya ritani ya jimbo lako kuonyesha kwamba mshahara umeutangaza huko.

*Inamfaa nani.* Mwenye akiba ya kuvuka pengo, au anayeishi jimbo lisilotoza. Anayelindwa na mapatano ya majimbo, kwa sababu sheria iko wazi na fomu ni fupi. Dereva wa lori. Na yeyote ambaye mwajiri wake amefunga biashara au hajibu simu. Huyo asiyepata hata W-2 ana fomu 4852 ya kuiziba, akitumia slipu yake ya mwisho ya mshahara.

Njia ya tatu: omba muda

*Mfuko.* Fomu 4868 inakupa mpaka Oktoba 15 kwa shirikisho, na majimbo mengi yanafuata mwendo huo kwa namna zao. Virginia hukupa miezi sita bila hata kuomba. Lakini muda ni wa kujaza, si wa kulipa. Deni la jimbo lako linaanza kuzaa riba siku ileile ya Aprili kama hukupeleka kitu. Kwa hiyo anayechagua njia hii akidhani amekwepa pengo la mfuko, amejidanganya. Anatakiwa akadirie deni alipe sasa, kisha ajaze baadaye.

*Saa na kalenda.* Unanunua nafasi ya kumngoja mwajiri. Jimbo linalokudai ndilo lenye haraka. Linalodaiwa na wewe halina haraka nawe: dirisha la kudai marejesho kwa majimbo mengi ni miaka mitatu, California minne. Unaweza kabisa kumaliza ritani ya mkazi Aprili na kuiacha ya kudai mpaka barua ipatikane. Hii ni nusu ya njia ya tatu ndani ya ya pili, na mimi naiona bora kuliko zote mbili kwa mtu aliyekwama katikati.

*Kazi.* Leo ndogo, Oktoba ileile.

*Ushahidi.* Unategemea kitakacholetwa. Kisipoletwa, umerudi njia ya pili, umechelewa miezi sita.

*Inamfaa nani.* Ambaye mwajiri amekiri kosa kwa maandishi na kutaja W-2c iko njiani. Pia mwenye hali tata: aliyehama katikati ya mwaka, muuguzi wa mikataba aliyepita majimbo matatu, aliyelazimika kuhesabu siku moja moja kwenye kalenda. Asiye na ahadi yoyote kutoka kwa mwajiri asiisogelee.

Njia ya mkato inayowapoteza watu

Kuna wazo linalomjia kila mtu usiku wa kwanza: "Si nimeshalipa Virginia? Basi Maryland inipe nafuu ya kodi niliyolipa jimbo jingine, yaishe." Lina mantiki ya sokoni, ila halina mantiki ya kodi. Nafuu hiyo hutolewa kwa kodi uliyodaiwa kihalali na jimbo jingine, inayoonekana kwenye ritani ya jimbo hilo. Zuio la kimakosa si kodi uliyodaiwa. Ni hela zako zilizopotea njia. Jimbo lako litakataa nafuu hiyo na kukuletea deni pamoja na riba, na wakati huo huenda dirisha la kudai kule kwingine limeshaanza kufungwa.

Kosa linalokaribiana na hilo ni kuandika zuio la Virginia kwenye mstari wa zuio la Maryland. Programu nyingi zitakuzuia, karatasi haitakuzuia. Jimbo lina rekodi za waajiri kwa namba. Hawataliona jina lako, na barua itakuja.

Kuhusu kumlipa mshauri wa kodi: mshahara mmoja, majimbo mawili yenye mapatano, fanya mwenyewe. Majimbo matatu, au New York imo, au miaka iliyopita imo, mlipe mtu, lakini kabla hujampa W-2 muulize amewahi kujaza ritani ya asiye mkazi yenye mapato sifuri. Akikunja uso, shukuru uondoke. Vituo vya VITA, vinavyosaidia bure watu wa kipato cha chini na cha kati chini ya mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ni vizuri sana, ila baadhi hujaza ritani za jimbo lao tu. Piga simu kwanza usije ukapanga foleni bure.

Kwa hali yako

Bado tuko ndani ya mwaka wenyewe: mwendee mwajiri leo, ujaze fomu ya zuio ya jimbo lako au ya msamaha wa mapatano, na udai marekebisho kabla ya Desemba. Mengine yote yasahau.

Mwaka umefungwa, unaishi jimbo lisilotoza mshahara: omba barua, jaza ritani moja ya asiye mkazi, ngoja hela zako. Siku chache ulizokwenda ofisini huko kwa mikutano zihesabu kwa uaminifu, hizo ni zao.

Mwaka umefungwa, unaishi na kufanya kazi kwenye majimbo yenye mapatano: ritani mbili, mapema iwezekanavyo. Ya kudai ipeleke Februari ili hela zikaribie kurudi kabla ya kulipa Aprili. Mimi niliipeleka Machi mwishoni, nikalipa riba ya uvivu wangu.

Huna akiba ya kuvuka pengo: jaza zote mbili kwa wakati vilevile, lipa jimbo lako hata dola mia mbili, omba awamu. Kutojaza huongeza faini juu ya riba.

Wewe ni dereva wa malori unayeishi Phoenix na kampuni ya Nebraska imekukata kodi ya Nebraska: Arizona hutoza asilimia 2.5 bapa, kwa hiyo huenda ukabaki na chenji. Taja kifungu 14503 kwenye barua yako na umwombe mwajiri naye akitaje kwenye yake.

Mwajiri amekiri na kuandika tarehe: kadiria, lipa, omba muda. Tarehe hiyo ikipita bila W-2c, mpe wiki mbili zaidi, kisha jaza ritani mbili bila yeye.

Na kwa hali zote, kabla hujalala, fungua slipu ya mshahara ya mwezi huu uangalie imeandikwa jimbo gani. Yangu ya Februari 2025 ilikuwa bado inasoma VA.